Mtoto anapofunga choo: chakula ni kinga, tiba ina utaratibu wake



Wazazi wenzangu, juma hili ukurasa wetu unaingia katika jambo ambalo wengi wetu hulisemea pembeni. Mtoto akikohoa, nyumba nzima hujua na jirani huulizwa dawa. Mtoto akikaa siku nne bila kupata haja kubwa, mama hulinyamazia, baba hana habari, na mtoto mwenyewe hujifunza kwamba hilo si la kuzungumzwa. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haikuwekwa iwe kizuizi cha kujua. Mama Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na sifa hiyo aliitoa pale lilipoulizwa swali la twahara ya mwili. Basi na sisi tuulize: mtoto anapofunga choo, ni chakula gani kinachomfaa, ni dawa gani inayomtibu, na kipi kitangulie?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Wako wazazi wanaoamini kwamba papai na maji vinatosha, na kwamba dawa itamzoesha mtoto vibaya. Wako wengine wanaokimbilia haluli kali ili tumbo lifunguke usiku huohuo, kisha husahau mpaka litakapofunga tena. Wote wana nia njema, na kwa njia zote mbili mtoto huweza kuteseka miezi mingi, hata miaka.

Maumivu yanavyozaa maumivu

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka sita anayekaa Mivinjeni au Shimo la Udongo, hapa Kurasini. Nyumba ina vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja. Alfajiri kila mtu ana haraka: huyu anawahi kazini bandarini, yule anawahi daladala kabla malori hayajaziba Barabara ya Kilwa. Mtoto akiingia chooni, mlango unagongwa. Anakunywa chai kwa andazi, anakwenda shule, na huko choo hakina maji au kitasa kimevunjika; anajizuia. Mchana anakula chipsi, jioni yuko madrasa, usiku anakula ugali wa sembe kwa dagaa, kisha analala. Siku ya pili ni hivyo hivyo.

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula. Kadiri kinyesi kinavyokaa humo, ndivyo kinavyozidi kukauka na kuwa kigumu. Siku mtoto wetu atakapopata choo, kitatoka kikubwa na kigumu, na huenda kikampasua kidogo njiani. Atalia. Mtoto wa miaka sita hana elimu ya tumbo, lakini ana kumbukumbu ya maumivu. Siku inayofuata, akijisikia kwenda haja, atabana. Hapo ndipo ugonjwa unapoanza kujilisha wenyewe: anabana kwa sababu inauma, na inauma zaidi kwa sababu amebana.

Jambo hili likiendelea kwa majuma, mwisho wa utumbo mpana hutanuka kwa kubeba mzigo mkubwa. Utumbo uliotanuka hupoteza wepesi wa kuhisi kwamba umejaa, na misuli yake hulegea. Mtoto hafiki tena mahali pa kusema "mama, nataka kwenda", kwa kuwa ile ishara haimfikii kama zamani.

Mzazi atajuaje? Dalili ni nyingi kuliko hesabu ya siku. Mtoto anapata haja kubwa mara mbili au pungufu kwa juma. Kinyesi ni kigumu kama golori, au ni kinene kiasi cha kushangaza kwa umri wake. Analalamika tumbo na hamu ya chakula inapungua. Husimama kwa ncha za vidole, hupishanisha miguu, hujificha nyuma ya mlango huku uso umekunjamana; wazazi hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Wengine hukojoa kitandani au huugua njia ya mkojo mara kwa mara, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu.

Kosa ambalo si la mtoto

Ipo dalili moja ambayo tunaomba kila baba na mama aisome mara mbili. Mtoto aliyekwisha kufundishwa choo anaanza kuchafua nguo. Kinyesi laini, wakati mwingine majimaji, huonekana katika chupi mara kadhaa kwa siku. Mzazi hudhani mtoto anaharisha, naye humpa dawa ya kufunga tumbo, na hapo huzidisha balaa. Au hudhani ni uvivu na ujeuri, humwadhibu.

Ukweli ni kwamba kinyesi kigumu kimekwama kama gogo katika mfereji, na kile laini cha nyuma yake kinapenya pembeni na kuvuja. Mtoto hakukusudia. Mara nyingi hata hasikii kinapotoka, kwa kuwa utumbo wake umekwisha kupoteza hisia. Katika nyumba zetu jambo hili lina uchungu wa ziada, maana mtoto wa miaka saba ndiyo kwanza anafundishwa swala na twahara. Kanzu imechafuka, anaambiwa amenajisi msala, anatolewa safuni mbele ya wenzake. Tukimpiga kwa hilo tunampiga kwa maradhi, na woga tunaomtia utamfanya abane zaidi. Mtoto huyo anahitaji kuoshwa kwa upole, kubadilishwa nguo, na kupelekwa kwa tabibu.

Elimu ya nyuzinyuzi ilitoka Afrika Mashariki

Tuje kwenye chakula. Nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita pia makapimlo, ni ile sehemu ya mimea ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuimeng'enya: maganda ya nafaka na kunde, nyama ya matunda, majani ya mboga. Kwa kuwa hazimeng'enywi, huvuta na kushika maji, hukipa kinyesi ujazo na ulaini, nao utumbo hukisukuma bila taabu.

Elimu hii inayozungumzwa leo duniani kote ina mzizi katika ukanda wetu. Dk. Hugh Trowell, tabibu wa Kiingereza, alianza kazi Kenya mwaka 1929, na baadaye akatibu na kufundisha kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, akionyesha kwamba maradhi mengi yaliyokuwa ya kila siku kwao Ulaya yalikuwa nadra kwa wenyeji wa huku. Mwenzake, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, alilichukua wazo hilo mbele zaidi. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet la Uingereza. Wanavijiji wa Uganda waliokula vyakula visivyokobolewa walitoa kinyesi zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu. Wanamaji wa Uingereza waliokula vyakula vya viwandani walitoa karibu gramu 100 tu, na chakula chao kilichukua zaidi ya siku tatu.

Leo ajabu imegeuka. Mtoto wa Kurasini anakula karibu na yule mwanamaji kuliko na mwanakijiji wa Uganda. Mkate mweupe, andazi la unga mweupe, sembe iliyokobolewa, wali mweupe, biskuti na juisi ya pakiti ndiyo siku yake, na soda ndiyo sikukuu yake. Mbaazi za nazi, ambazo bibi zetu wa Pwani walizikaribisha asubuhi pamoja na andazi, zimeondoka sinia limebaki na andazi peke yake.

Kipimo chepesi kilichopendekezwa Marekani mwaka 1995 ni hiki: kuanzia miaka mitatu, chukua umri wa mtoto, ongeza tano, hizo ndizo gramu za nyuzinyuzi anazohitaji kwa siku. Mtoto wetu wa miaka sita anahitaji gramu 11. Vipande viwili vya mkate mweupe vina kama gramu moja na nusu, na kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu moja. Lakini nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 6, chungwa moja lililoliwa na nyama yake kama gramu 3, na kipande cha papai kama gramu 2. Hesabu imetimia, na hakuna kopo lililonunuliwa dukani.

Soko la Temeke Stereo na la Tandika yamejaa dawa hii: mapera, machungwa, maembe katika msimu wake, mapapai, viazi vitamu, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele. Dona badala ya sembe ni hatua kubwa kwa nyumba inayokula ugali kila siku. Tende chache baada ya chakula zinafaa mwaka mzima, si Ramadhani tu. Tunda liliwe lenyewe. Likikamuliwa na kuchujwa, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Mabadiliko yafanywe polepole, kwa juma mbili au tatu, maana tumbo lililozoea andazi likijazwa maharage siku moja litajaa gesi, na mtoto atakataa. Na mtoto anywe maji ya kutosha, kwani nyuzinyuzi hufanya kazi yake kwa kushika maji.

Maziwa nayo yana kiasi. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja akinywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya nusu lita kwa siku, hushiba maziwa na kukosa nafasi ya chakula kingine.

Mpaka wa chakula

Baada ya kusifu chakula, hatuna budi kusema kile ambacho ndiyo sababu ya makala hii. Chakula chenye nyuzinyuzi humkinga mtoto asifunge choo, na humsaidia aliyepona asirudi nyuma. Kwa mtoto ambaye utumbo wake umekwisha kuziba, chakula peke yake hakimfungui. Ukimwongezea pumba na maharage wakati gogo limeziba mfereji, unaongeza mzigo juu ya kizibo. Tumbo litajaa na maumivu yatazidi. Mwongozo wa mwaka 2014 wa vyama viwili vya madaktari wa tumbo la watoto, cha Ulaya na cha Marekani Kaskazini, unataka mtoto apate nyuzinyuzi na maji kwa kiwango cha kawaida cha umri wake, na unasema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kuzidisha juu ya kiwango hicho humtibu. Kinachomtibu, pamoja na mazoea mema ya choo, ni dawa ya kulainisha.

Vipimo vya Burkitt havipingani na hilo. Vilieleza chakula kinavyoathiri choo cha watu wenye afya. Havikuwa jaribio la kumtibu mtoto anayebana kwa hofu. Mtoto huyu ana matatizo mawili kwa pamoja, kinyesi kigumu na kumbukumbu ya maumivu, na hiyo kumbukumbu haifutwi kwa papai. Hufutwa kwa majuma mengi ya choo laini kisichouma, mpaka mwili uamini tena.

Dawa na hatua zake

Dawa zinazopewa nafasi ya kwanza kwa watoto ni zile zinazoshika maji ndani ya utumbo. Ya kwanza ni makrogoli, unga unaochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa. Hukaa na maji yake mpaka mwisho wa utumbo na kulainisha kinyesi. Makrogoli ikikosekana, ipo laktulosi, dawa tamu ya majimaji ambayo ni aina ya sukari isiyofyonzwa na mwili. Nayo huvuta maji, ingawa huweza kuleta gesi. Zote mbili hazimlazimishi utumbo kujikunja kwa nguvu.

Tiba ina hatua tatu. Kwanza ni kuondoa kile kilichokwama. Daktari hupanga kiwango kikubwa kwa siku chache, kwa kawaida kati ya tatu na sita, na katika siku hizo mtoto huweza kuchafua nguo zaidi kuliko kabla. Mzazi asiogope wala asikatishe, mfereji unafunguka.

Hatua ya pili ndiyo ndefu. Mtoto anaendelea na kiwango kidogo cha kila siku, kinachopandishwa au kushushwa mpaka apate choo laini kila siku bila kulia. Hatua hii hudumu angalau miezi miwili, na dawa haiachwi mpaka mtoto awe amekaa mwezi mzima bila dalili yoyote. Wengi huhitaji muda mrefu zaidi. Kati ya watoto wanaofikishwa kwa wataalamu, takriban nusu ndio wanaopona na kuachana na dawa ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Hatua ya tatu ni kuipunguza dawa kidogo kidogo, bila kuikata ghafla.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Juma la pili mtoto amepata choo vizuri, chupa imeisha, nasi tunasema alhamdulillah amepona. Ndani ya mwezi tatizo limerudi, na jirani anasema: "Unaona? Utumbo umezoea dawa." Haukuzoea. Dawa hizi za kushika maji hazijulikani kumfanya mtoto awe mtumwa wake. Utumbo uliotanuka kwa miezi haukupewa muda wa kurudi katika umbo lake, basi mzunguko ule ule wa maumivu umeanza upya.

Sanamaki, nyonyo, sabuni na asali

Nyumba za Pwani zina dawa zake, na si haki kuzitupa zote wala kuzikumbatia zote. Sanamaki tumeirithi, na ina heshima yake. Katika mikusanyo ya Tirmidhi na Ibn Majah imepokewa habari ya Bi Asmaa bint Umays (r.a.), aliyeulizwa na Mtume (s.a.w.) anatumia nini kuendesha tumbo. Dawa ya kwanza aliyoitaja, mmea uitwao shubrumu, ilionekana kuwa ni kali. Baadaye akatumia sanamaki, nayo ikasifiwa. Mwenye kuizingatia habari hiyo ataona kwamba ndani yake mna kutofautisha haluli na haluli, na kuepuka iliyo kali.

Tiba ya kisasa nayo inaikubali: sanamaki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kazi yake ni kuichochea misuli ya utumbo ijikunje, na kwa hiyo huleta msokoto wa tumbo. Kwa watoto, madaktari huiongeza pale dawa za kushika maji zisipotosha, tena kwa kipimo kinachojulikana. Majani yaliyochemshwa katika sufuria hayana kipimo. Siku moja ni mepesi, siku nyingine ni makali. Kwa mtoto anayevaa nepi, kinyesi chenye sanamaki kikikaa muda mrefu juu ya ngozi huweza kuibabua.

Mafuta ya nyonyo asipewe mtoto. Huufinya utumbo kwa nguvu, huleta maumivu na kuharisha kunakomaliza maji ya mwili. Kumwingiza mtoto kipande cha sabuni katika njia ya haja, au kumpiga bomba la maji ya sabuni au ya mitishamba, huchoma ngozi laini ya ndani; na hata kisipoleta kidonda, humfundisha kwamba kila anayegusa sehemu ile atamuumiza. Zipo hali ambazo tabibu huhitaji kumpiga bomba mtoto kwa dawa maalumu. Hiyo ni kazi ya hospitali, si ya nyumbani.

Asali ina shifaa, na hilo hatulijadili. Ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa sababu huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvizuia, navyo hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mara nyingi dalili ya kwanza ya sumu hiyo ni mtoto huyohuyo kukosa choo. Kwa tahniki ya mtoto mchanga, tende iliyolainishwa inatosha, kwa kiasi kidogo sana na mikono iliyooshwa.

Mchanga anayenyonya maziwa ya mama tu ana hukumu yake peke yake. Baada ya majuma ya mwanzo, huweza kukaa juma zima bila choo, na kikija kikawa laini, naye ananyonya na kukua vizuri. Huyo si mgonjwa, wala hahitaji maji, chai wala mafuta.

Wakati wa kutosubiri

Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wenye tatizo hili hawana ugonjwa mwingine ndani ya mwili. Waliobaki ndio wanaotufanya tusitibu kwa kubahatisha. Mtoto mchanga asiyetoa choo cha kwanza, kile cheusi, ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Huenda ana ugonjwa wa Hirschsprung, ulioitwa kwa jina la tabibu wa Copenhagen, Denmark, aliyeueleza mwaka 1886. Hupata karibu mtoto mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa. Mwisho wa utumbo wake umekosa mishipa ya fahamu, hivyo haulegei kupitisha choo, na tiba yake ni upasuaji.

Vilevile usingoje ukiona tumbo limevimba na mtoto anatapika, hasa matapishi ya kijani, homa pamoja na tumbo lililojaa, damu nyingi katika kinyesi, mtoto asiyekua wala kuongezeka uzito, miguu iliyolegea, au tatizo lililoanza kabla hajatimiza mwezi mmoja. Zahanati ya mtaa ndiyo mlango wa kwanza, nayo itakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au Muhimbili ikibidi.

Choo chenye utulivu

Dawa na chakula vitashindwa ikiwa mtoto hana mahali pa kwenda. Utumbo huamka baada ya kula. Basi mpe mtoto dakika tano hadi kumi za chooni baada ya chakula, kila siku wakati uleule. Ikiwa asubuhi foleni ya wapangaji ni ndefu, chagua baada ya chakula cha usiku, nyumba inapotulia. Choo cha kuchuchumaa kinamfaa, kwa kuwa mkao wake hunyoosha njia. Kwenye choo cha kukalia, mwekee kigoda chini ya miguu, maana miguu inayoning'inia haisaidii kusukuma. Mtoto mdogo anayeogopa tundu la choo apewe poti. Asifiwe kwa kukaa, hata kama hakupata kitu. Asisimangwe kwa kukosa.

Mwongozo wa taifa wa usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kila mzazi anaweza kuuliza katika kikao cha shule kama kiwango hicho kimefikiwa, kama maji yapo, na kama milango inafungika. Na kwa madrasa zetu tuna wepesi zaidi, kwa sababu nyingi ziko karibu na msikiti, na msikiti una maji. Kamati za misikiti ziwafungulie watoto vyoo saa za darsa na kuvisafisha kabla hawajafika. Ustadhi akubali mtoto atoke kwa ishara ya mkono, bila kumfanya atangaze haja yake mbele ya darasa zima. Mtoto anayeruhusiwa kutoka hana sababu ya kubana.

Mwenye mtoto aliyefunga choo kwa majuma asingoje msimu wa maembe. Ampeleke kwa tabibu juma hili, aulize juu ya dawa ya kulainisha na muda wake, na jioni hiyohiyo abandike maharage jikoni. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya na sisi subira ya kuwalea. Tukutane juma lijalo, insha'Allah.

Wabillahi tawfiq.